Filta ya ND au ekspoja nyingi ndani ya kamera? Nataka bahari ilainike mchana wa jua kali

Kaka_Msasani:
Wakuu habari za mchana, poleni na majukumu. Nina swali la kamera, naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijatoa hela mfukoni.

Niko Dar, natumia Canon 6D na lenzi ile ya 24-105 f/4 ya zamani, mdomo wake ni 77mm. Kuna jamaa ana hoteli ndogo upande wa Kigamboni, anataka picha za bahari zile ambazo maji yanalainika kabisa hata wimbi halionekani, na anazitaka za mchana, maji yakiwa yamejaa na ile rangi ya kijani na bluu ipo. Za machweo hataki, anasema za machweo kila hoteli inazo, na kwa kweli siwezi kumbishia. Sasa jua la mchana la huku mnalijua. Naweka ISO 100, f/11, kamera inaniambia 1/200 ya sekunde. Nikibana apecha (tundu la lenzi) mpaka f/22 napata kama 1/50, wimbi bado limeganda vilevile na picha inaanza kupoteza ukali.

Nimezunguka Kariakoo kutafuta ND (ile filta nyeusi ya kupunguza mwanga) ya 77, ninazozikuta ni zile za kuzungusha za bei poa ambazo sina imani nazo. Wakati huohuo kwenye menyu ya 6D nimekuta sehemu ya ekspoja nyingi (picha kadhaa zinaunganishwa kuwa moja), unachagua picha 2 mpaka 9 halafu unachagua kujumlisha au wastani. Nikaangalia video moja jamaa anasema ukipiga tisa kwa wastani ni sawasawa na kufunga filta, pesa unabaki nayo. Hii ina ukweli au ni story za mtandaoni?

mzee_wa_lenzi:
Ina ukweli lakini sio kwa hilo jua lako mkuu. Chukua hesabu yako mwenyewe, 1/200 mara tisa unapata 0.045, yaani kama 1/22 ya sekunde. Hiyo ndio jumla ya muda ambao mwanga wa maji utaingia kwenye sensa kwa picha zote tisa. Sasa tuseme kamera inakubali kwenda mfululizo kwa kasi yake yote, 6D ni picha 4.5 kwa sekunde, ina maana tisa zinachukua sekunde mbili hivi, na ndani ya hizo sekunde mbili shata (pazia la mbele ya sensa) imefunguka hiyo 1/22 tu. Muda mwingine wote imefungwa na wimbi linatembea bila kurekodiwa. Matokeo yake hupati maji laini, unapata mawimbi tisa yaliyoganda yamelaliana, kule kwenye povu la ufukweni ndio utaona vizuri, ukingo wa povu unajirudia mara tisa kama magamba ya samaki. Kwa mbali kwenye simu unaweza ukadanganyika, mteja akiichapa kubwa akaiweka ukutani mapokezi utaitwa.

ND1000, yaani inayopunguza mwanga mara 1000, kwenye hali hiyohiyo inakupa sekunde 5 mfululizo bila kukatika. Hapo ndio tofauti ilipo. Kinacholainisha maji ni muda ambao shata iko wazi, idadi ya picha inasaidia zaidi kama kila picha peke yake tayari imeanza kulainika.

Kwa hiyo usichague kimoja, changanya. Tafuta ND64, ile ya stopu 6 (kila stopu inapunguza mwanga nusu), isiyozunguka. 1/200 yako inakuwa kama theluthi ya sekunde, na theluthi ya sekunde kwa wimbi la ufukweni tayari linavutika. Piga tisa kwa wastani una karibu sekunde 3, na pengo kati ya picha na picha halionekani tena kwa sababu michirizi inafunikana. 64 mara 9 ni 576, hiyo ni zaidi kidogo ya stopu 9, umekaribia kabisa ND1000. Na ND64 bado unaona kitu kwenye kioo cha kutazamia na fokasi bado ina uwezekano wa kushika, wakati ND1000 kwenye DSLR unatazama giza, inabidi ufokasi kwanza, uzime AF (fokasi ya oto), ndio ufunge filta.

Halafu chagua WASTANI sio kujumlisha. Kwenye wastani unapima mwanga kawaida, kamera inagawa yenyewe. Kwenye kujumlisha inabidi kila picha uipige giza, nne ushuke stopu 2, nane ushuke stopu 3, ukisahau picha nzima inakuwa nyeupe.

Zile za kuzungusha umefanya vizuri kuziogopa. Kwenye sensa kubwa (fremu kamili) kama yako na 24mm ukiikaza mwisho inakuletea msalaba mweusi katikati ya anga, na hakuna Photoshop ya kuutoa vizuri.

simu_tu:
Mbona mnateseka jamani, iPhone unapiga Live Photo halafu unachagua ekspoja ndefu, maji yanalainika tena umeshika mkononi. Ipo tangu iOS 11.

mzee_wa_lenzi:
@simu_tu ni kitu kilekile, inachukua fremu za zile sekunde tatu inazichanganya. Kwa status inatosha sana. Kwa bango la hoteli hapana.

BintiPangani:
Kaka usinunue ND1000 na wala usitegemee ya ndani ya kamera, tisa ni chache. Mimi nafanyia kwenye laptopu. Unaweka kamera kwenye stendi, kila kitu manyuo, fokasi manyuo, waiti balansi usiache oto, unapiga 30 au 40 mfululizo na remote, ukifika nyumbani ndio unatafuta wastani. Kwenye Photoshop unazipandisha kama leya, unazigeuza kuwa smart object moja, halafu stack mode unaweka mean. Kama huna Photoshop tumia GIMP ni ya bure, unapanga leya moja juu ya nyingine, ya chini kabisa opasiti 100, inayofuata 50, halafu 33, 25, 20, unaendelea hivyohivyo yaani 100 unagawa kwa namba ya leya. Inachosha zikiwa nyingi ila jibu ni sahihi kabisa.

Sasa kwa nini napenda njia hii kuliko filta. Huyo mteja wako bila shaka anataka ngalawa au mashua mbele ya hoteli, si ndio? Chombo kilichotia nanga hakitulii hata bahari iwe shwari vipi. Ukipiga sekunde 5 kwa ND unapata maji mazuri na ngalawa imekuwa uji, mlingoti umekuwa milingoti mitatu. Na hapo huna cha kufanya, picha ndio hiyo. Ukiwa na fremu 40 unachukua wastani kwa ajili ya maji, halafu unatafuta fremu moja ambayo ngalawa imekaa vizuri, unaiweka juu na maski yake, tanga na kamba vinabaki vikali na maji chini yake yamelainika. Ndio picha ambazo watu wanauliza umefanyaje.

Cha pili upepo. Kipindi cha kusi stendi inatikisika, kwa ND ukitikisika sekunde moja kati ya tano picha imekwenda. Kwa fremu nyingi unaangalia ipi imetikisika unaifuta. Mtu akikatiza mbele unaifuta. Boti ya utalii ikipita unaifuta.

Na kingine ambacho watu hawakisemi, chenga (vile vidoti vidoti vinavyochafua picha) zinapungua. Ukichukua wastani wa fremu 16 chenga zinabaki robo, ni kama umepiga kwa ISO ya chini stopu nne zaidi. Kwenye vivuli vya chini ya mikoko au chini ya makuti unaona kabisa.

Kibokoni_01:
Nawasalimu kutoka Mombasa. Dada hapo juu ameeleza vizuri lakini mimi nasimama na filta, wala sio ukaidi.

La kwanza, mng'aro. Mchana wa jua kali bahari ina vimetameta kila mahali, vile vidoti vya jua juu ya maji. Ukipiga fupi fupi, kila kidoti kwenye fremu yake kimeshapasuka, kimefika mwisho wa sensa, kamera haijui kama kilikuwa kikali mara mbili ya hapo au mara hamsini. Ukija kuchukua wastani, kidoti kilichotokea kwenye fremu moja tu kinagawanywa kwa tisa au kwa arobaini, kinakuwa kijivu. Maji yanapoa, yanakuwa kama ya siku ya mawingu. Kwa ND mwanga unapunguzwa kabla ya kufika kwenye sensa kwa hivyo vile vimeta vinajikusanya vyenyewe na njia ya jua inabaki inang'aa kama inavyoonekana kwa macho. Jaribuni zote mbili mkielekea upande wa jua mtaona.

Usiku ni hadithi hiyohiyo. Taa za magari na za feri zimepasuka kwenye kila fremu, wastani unazififisha, na juu ya hivyo unapata vipande vipande, mstari umekatika kila shata ilipojifunga. Kwa taa wastani usiutumie kabisa, tumia ile modi inayochukua kilicho angavu zaidi. Kwenye Canon 5D Mark III na 7D Mark II ipo, Nikon D850 ipo, 6D nijuavyo mimi ina hizo mbili tu, kwa hivyo hiyo utaifanyia kwenye kompyuta. Na wala usiku filta ya nini, f/11 unakwenda sekunde 15 mpaka 30 bila kitu.

La pili mawingu. Mawingu ya mchana ukitaka yavutike kweli unahitaji dakika nzima au zaidi, fremu za theluthi ya sekunde hata ukipiga mia yanavutika kidogo tu. Hapo ni ND1000 na nyingine imepandana juu yake, hakuna mjadala.

Lakini ukinunua ND nzito kumbuka kile kipira kidogo kilicho kwenye mkanda wa Canon, watu wengi hawajui kazi yake. Ni cha kuziba tundu la kutazamia. Unatoa raba ya jicho unakisukuma pale. Usipoziba, mwanga wa jua la nyuma unaingia kwa pale na kwenye ekspoja ya dakika unapata wingu la rangi ya ajabu katikati ya picha, halafu unailaumu filta.

mlima_na_mawingu:
Huku kwetu Moshi mambo ni mepesi zaidi. Materuni chini ya maporomoko kuna kivuli na miti, kwa polaraiza peke yake f/11 unapata nusu sekunde mpaka sekunde moja bila ND yoyote, polaraiza inakula stopu moja na nusu hadi mbili na inaondoa mng'ao kwenye majani na mawe. Hapo ekspoja nyingi za ndani ya kamera ni tamu sana, tisa za nusu sekunde maji yanakuwa hariri. Shida ni majani, yale manyunyu yanapeperusha kila kitu kwa hiyo kijani kinakuwa na ukungu. Napiga moja ya haraka kwa ISO kubwa kwa ajili ya majani naichanganya baadaye.

Na kitambaa kavu mfukoni, lenzi inalowa kila dakika.

Kaka_Msasani:
Asanteni sana wakuu, nimejifunza zaidi ya zile video zote. Ngalawa ipo kweli dada, nanga yake iko mbele kabisa ya hoteli na ndio anaipenda hiyo hiyo.

Maswali mawili. Moja, naweza kupiga tisa, halafu nikachukua lile jibu nikalifanya la kwanza la tisa nyingine, ili nifike 17 au 25 humohumo ndani ya kamera? Pili, nimeona watu wanasema Olympus ina filta ndani yake, hiyo ni nini, kuna jamaa anauza body yake (kamera bila lenzi).

mzee_wa_lenzi:
La kwanza, 5D Mark III inakuruhusu kuchagua RAW (picha ghafi) iliyopo kwenye kadi iwe msingi, kwenye yako angalia menyu. Ila ujue ile ya msingi inahesabiwa kama fremu moja. Zile tisa za mwanzo zote kwa pamoja zinapewa uzito wa moja ya tisa, na nane mpya kila moja inapewa uzito uleule. Ina maana kazi yote ya mwanzo umeizika, maji utakayoyaona ni ya zile nane za mwisho. Fuata ushauri wa Binti, fanyia kwenye kompyuta. Kama kamera ina sehemu ya kuhifadhi picha zote za asili iwashe, 5D Mark III inayo, unapata jibu palepale kumwonyesha mteja na fremu za kurekebisha unabaki nazo.

La pili, ile inaitwa Live ND, ilianza na E-M1X mwaka 2019, mwisho wake ND32 yaani stopu 5. OM-1 ya 2022 ikafika ND64, na OM-1 Mark II ya 2024 ikafika ND128. Kinachofanyika ndani ni huohuo wastani, ila sensa inasomwa kielektroniki mfululizo, mapengo ni madogo mno, na unaona matokeo kwenye skrini kabla hujabonyeza. Kwa kazi hii ni modi nzuri kuliko zote nilizoshika. Lakini ina masharti, shata lazima iwe ya polepole kiasi ndio inakubali, kwa hiyo jua la saa sita inaweza ikakataa mpaka ufunge ND ndogo au polaraiza mbele. Tunarudi palepale. Na zile Sony za zamani kama A7 II na A6000 zilikuwa na programu ya kupakua ya kulainisha maji, kizazi cha A7 III hakikuwa nayo tena, mpaka leo sijui kwa nini mtu aondoe kitu kizuri namna ile.

Usibadilishe body kwa ajili ya kazi moja.

Kibokoni_01:
@Kaka_Msasani kabla ya filta zungumza na huyo mteja juu ya maji kwanza. Anataka mchana na maji yamejaa, lakini pwani yetu hii, siku za bamvua mwezi mchanga au mpevu maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne saa tano asubuhi ndio yametoka kabisa, unaona miamba na mwani. Ukitaka yajae saa sita mchana utaangukia siku za karibu na maji mafu, na hapo hayapandi sana. Kwa hivyo mwambie achague. Mimi ningekwenda bamvua saa kumi alasiri. Jua bado kali, rangi ya maji bado ipo, maji yamejaa mpaka kwenye ngazi. Halafu Kigamboni ufukwe unatazama mashariki, alasiri jua liko nyuma yako, vile vimetameta nilivyosema vinapungua na hoja yangu yote dhidi ya wastani inapungua nguvu, nakubali.

BintiPangani:
Hahaha hatimaye. Saa kumi, ND64, fremu 40, ngalawa ichukue fremu yake. Stendi uizamishe mchangani mpaka igote kabla hujaanza, usiiache juu juu, wimbi likipita chini ya mguu mchanga unalika na kamera inashuka milimita mbili tatu bila wewe kujua, halafu fremu hazilingani tena. Kama kuna ubao au kifuu cha nazi weka chini ya kila mguu.

Kibokoni_01:
Na filta usiikaze. Joto na chumvi vikiingia kwenye nyuzi inagoma kutoka, ikigoma zungushia mpira wa kufungia noti ndio uizungushe, usitumie koleo.

Kaka_Msasani:
Basi nimempigia jamaa, saa kumi amekubali, kasema bora maji yafike kwenye ngazi. Naagiza ND64 ya kioo isiyozunguka. Polaraiza ninayo ila ni ya 72mm, kuna mtu anajua Dar nitapata wapi pete ya kuunganisha lenzi ya 77 na filta ya 72?

mlima_na_mawingu:
Hiyo ya kushuka usinunue mkuu, kwa 24mm itakukata kona zote nne. Azima ya 77.